Nondo wa Muheza si mgeni kutoka Bukini

Mwalimu mmoja anayefundisha shule ya msingi jirani na Muheza ameniletea picha tatu na swali hili: "Mwembe wa shuleni umechanua. Juu ya maua tulimkuta kipepeo mweusi mwenye mistari ya kijani inayong'aa na vimikia vingi kwenye mabawa ya nyuma. Programu ya simu inasema ni nondo wa Madagaska. Amefikaje Tanga? Na nondo gani huyu anayeruka saa nne asubuhi? Watoto wa darasa la sita wananidai jibu."

Mwalimu, simu yako imepatia ukoo, ikakosea mtu. Huyo wa pichani ni wa jenasi Chrysiridia, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki ya dhahabu na upinde wa mvua, na jenasi hiyo ina spishi mbili tu duniani. Moja ni Chrysiridia rhipheus, ambaye kwao ni Madagaska na si kwingine. Ya pili ni Chrysiridia croesus, wa Afrika Mashariki, wa kwetu. Uliyempiga picha ni huyu wa pili. Hakuja na jahazi wala hakutoroka kwenye banda la mtu. Kama kuna mgeni kwenye picha zako basi ni mwembe, maana asili yake ni Asia.

Programu imekosea kwa sababu ambayo mwalimu ataielewa upesi: imekariri. Picha za rhipheus zimejaa kila mahali. Wazungu walimpenda tangu enzi za Malkia Victoria, wakatia mabawa yake kwenye vito, na mpaka leo huuzwa akiwa amekaushwa na kuwekwa kwenye fremu ya kioo. Picha za croesus ni chache. Mashine iliyolishwa maelfu ya picha za ndugu mmoja na vipande vichache vya mwingine, ukiionyesha bawa jeusi lenye kijani na vimikia, itataja jina ililolizoea. Ndugu hawa wanafanana hasa, na kwa picha iliyotikisika kidogo hata mimi natazama kwanza anwani kabla ya bawa. Porini hawakutani mahali popote, kwa hiyo anwani peke yake karibu inatosha.

Sasa hilo la nondo. Kiswahili chetu cha kila siku hakijisumbui: kipepeo ni yule mzuri wa mchana, nondo ni yule wa kahawia anayejigonga kwenye taa ya kibarazani. (Kwa fundi nondo ni chuma cha zege, na kwa wazee wengine nondo ni chatu mkubwa, lakini hayo tuyaache.) Wataalamu wa wadudu hawagawi kwa saa wala kwa uzuri. Wadudu wenye mabawa ya vigamba waliokwisha kupewa majina ni spishi kama 160,000, na wale tunaowaita vipepeo hawafiki 20,000. Ni tawi moja tu lililochipua ndani ya mti mkubwa wa nondo. Ndani ya mti huo yamo matawi mengine ambayo nayo, kwa wakati wake na kwa sababu zake, yaliacha usiku yakahamia mchana. Chrysiridia yumo katika tawi mojawapo la hayo.

Itazame tena picha yako ya pili, ile uliyoipiga kwa ubavu. Vipapasio ni vyembamba kama uzi kuanzia shina mpaka ncha. Kipepeo wa kweli, hata yule mweupe mdogo wa kwenye kabichi, ana kirungu kwenye ncha ya kipapasio, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Hilo watoto wanaweza kulikagua kwa macho bila kifaa chochote. Mkao wa mabawa usiutegemee: rhipheus akipumzika huyafumba mabawa juu ya mgongo kama kipepeo, na amewadanganya wakubwa zaidi yako.

Alama ya uhakika haionekani pichani, nayo ndiyo inayonifurahisha zaidi. Nondo wa familia ya Uraniidae wana masikio tumboni. Si hivyo tu: sikio la jike na sikio la dume haviko mahali pamoja wala havina umbo moja. La jike liko mwanzoni kabisa mwa tumbo, kwa chini. La dume liko nyuma kidogo, ubavuni. Hakuna familia nyingine ya nondo yenye mpango kama huo. Mtu akikuletea nondo wa kijivu asiye na mvuto wowote lakini masikio yamekaa hivyo, huyo ni jamaa ya huyu wako wa dhahabu. Familia nzima ina spishi kama 700, na wengi wao ukiwaona hutageuka kuwatazama mara ya pili.

Kuhusu nani alimpa nani jina, historia yake ina kituko, na kituko hicho kinafanana sana na kosa la simu yako. Mwaka 1773 Dru Drury, sonara wa London aliyekuwa na wazimu wa kukusanya wadudu, alimweleza rhipheus kwa mara ya kwanza. Alimwita Papilio rhipheus, yaani alimtia kundi moja na vipepeo wenye mikia, na akaambiwa kwamba ametoka China au Bengal. Makosa mawili kwa mpigo: si kipepeo, na si wa Asia. Drury hakuwa mzembe. Alikuwa akinunua wadudu kwa mabaharia, na baharia hukumbuka bandari aliyopakia mzigo, hakumbuki msitu. Mwaka 1823 Mjerumani Jacob Hübner akaunda jenasi ya Chrysiridia. Miaka kumi baadaye William Swainson, bila kujali hilo, akaunda nyingine akaiita Rhipheus. Kanuni ya majina ni kama foleni ya kisimani, aliyetangulia ndiye anayechota kwanza, kwa hiyo la Hübner limebaki. Ukikuta katika vitabu vya zamani jina Urania madagascariensis, ni yuleyule rhipheus katika vazi jingine.

Wa kwetu alichelewa kupata jina. Adolf Gerstaecker wa makumbusho ya Berlin alimweleza mwaka 1871, katika makala kuhusu wadudu wa Zanzibar yaliyotokana na mikusanyo ya msafara wa Baron Karl Klaus von der Decken. Alimpa jina la Croesus, mfalme wa Lydia aliyesifika kwa mali, na ukiyaona mabawa huna la kumlaumu. Ila neno Zanzibar lilipoandikwa Ulaya wakati huo lilibeba mengi. Lilimaanisha kisiwa cha Unguja, lilimaanisha pia pwani nzima ya bara iliyokuwa chini ya Sultani, na wakati mwingine lilimaanisha tu kwamba sanduku lilipitia bandarini hapo. Kwa hiyo nikisoma kibandiko kikuukuu cha "Zanzibar" kwenye mdudu yeyote huwa najiuliza maswali mawili kabla ya kutia nukta kwenye ramani.

Ndugu wengine wa karibu wako mbali kweli. Ndani ya familia hii kuna nusufamilia ya Uraniinae yenye jenasi saba, na tatu kati ya hizo ndizo za mchana zenye rangi za kumeremeta. Urania iko Amerika, kuanzia Mexico na visiwa vya Karibi hadi Amerika Kusini. Chrysiridia iko kwetu na Madagaska. Alcides iko upande wa Indonesia ya mashariki, Guinea Mpya na kaskazini mwa Australia. Nyingine ni za usiku. Mojawapo ni Lyssa, nondo wakubwa wa kahawia wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambao mwaka 2014 waliibuka kwa wingi Singapore mpaka watu wakawa wanawakuta kwenye kuta za maghorofa na vituo vya treni. Mtu asiyejua masikio ya tumboni hawezi kudhani kwamba Lyssa na huyu wako wana undugu.

Sasa tazama hiyo ramani ya wale watatu wa mchana: Amerika, Afrika na Madagaska, halafu Guinea Mpya na Queensland, jimbo la kaskazini mashariki mwa Australia. Mtu aliyesoma jiografia kidogo atasema mara moja kwamba mabara yalikuwa pamoja, yakaachana, kila moja likaondoka na nondo wake. Ni hadithi tamu. Mimi siifuati. Madagaska ilijitenga na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na ndugu wawili waliotengana muda wote huo wasingebaki wanafanana hivi hata programu iwachanganye. Mlango wa Bahari wa Msumbiji, mahali pembamba zaidi, una upana wa kilomita 400 na kitu. Nondo hawa si wa kurukaruka bustanini. Urania fulgens wa Amerika ya Kati husafiri kwa maelfu, siku baada ya siku, hata juu ya maji. Nikipewa kuchagua kati ya bara linalosogea na mabawa yanayopiga, nachagua mabawa.

Ila mabawa hukufikisha tu. Kukaa ni jambo jingine, na hapo ndipo penye jibu la kweli la swali lako la "amefikaje". Kiwavi wa Chrysiridia hali kitu kingine chochote isipokuwa majani ya mimea ya jenasi moja inayoitwa Omphalea. Mkubwa anaweza kunyonya nekta ya mwembe, na rhipheus huko kwao ameonekana kwenye maua ya mikaratusi na ya chai pia; hupenda maua meupe au ya manjano mpauko. Lakini mtoto wake ukimpa jani la mwembe atakufa na njaa. Mwembe wa shuleni kwenu ni mgahawa wa wapita njia tu. Nyumba iko kwingine, na haiwezi kuwa mbali sana.

Omphalea ni wa familia moja na mnyonyo, muhogo, mpira na mnyaa. Spishi zake ni kama 20 zilizotawanyika nchi za joto duniani, nyingine miti, nyingine mimea ya kutambaa juu ya miti mingine. Ukizitia kwenye ramani utaona Karibi, Amerika ya Kati na Kusini, Afrika, Madagaska, visiwa vya Asia, Queensland. Ni ramani ileile ya nondo! Watafiti David Lees na Neal Smith walilipanga jambo hili vizuri mwaka 1991: Urania na Chrysiridia wamefungwa na Omphalea peke yake, ilhali Alcides na Lyssa wana Omphalea na pia mti jamaa uitwao Endospermum. Kwa hiyo anayetaka kujua jenasi hii inaishi wapi asianze kumfukuza nondo kwa wavu. Aanze na mmea.

Madagaska inaonyesha hilo waziwazi kuliko mahali pengine. Ina spishi nne za Omphalea. Tatu ziko misitu mikavu ya magharibi na kaskazini, ambayo hupukutisha majani kiangazi. Ya nne, Omphalea oppositifolia, iko msitu wa mvua wa mashariki na haipukutishi. Majani ya magharibi yakiisha, rhipheus huvuka nyanda za juu za katikati ya kisiwa kwenda mashariki, na mvua zikirejea hurudi. Idadi yao hupanda kati ya Machi na Agosti, na hushuka sana kati ya Oktoba na Desemba. Wenyeji wana jina lolo, ambalo ni kipepeo na pia ni roho ya marehemu, na huyu wamemtukuza zaidi kwa kumwita andriandolo, lolo wa kifalme. Wazee wetu wa pwani walioiita nchi hiyo Bukini bila shaka walimwona, maana kundi la hao likivuka uwanda halihitaji darubini.

Kwa nini asihame chakula, akaondokana na taabu hii? Kwa sababu chakula hicho ndicho silaha yake. Majani ya Omphalea yana sumu za aina ya alkaloidi ambazo umbo lake linaigiza sukari. Mwili wa mlaji unadanganyika, vimeng'enya vinavyovunja sukari vinakwama, na tumbo linamharibikia. Kiwavi wa nondo huyu anaivumilia sumu, anaihifadhi, na mwilini mwa mkubwa bado imo. Ndege aliyeonja mara moja hukumbuka. Ndiyo maana anaweza kuruka saa nne asubuhi akiwa na rangi zote hizo bila kujificha: ni kama mtu anayepita sokoni na fimbo mkononi. Guinea Mpya yupo kipepeo wa kweli, Papilio laglaizei, aliyeiga sura ya Alcides mpaka doa la rangi ya chungwa la upande wa chini, apate heshima asiyoitolea jasho.

Mmea nao haukai kimya. Neal Smith, aliyewafuatilia Urania huko Panama kwa miaka mingi, alieleza kwamba Omphalea iliyotafunwa mfululizo huongeza ukali wa majani mpaka viwavi wanashindwa, na hapo nondo wazima huondoka kwa makundi kutafuta mimea isiyokasirika. Hiyo ndiyo siri ya miaka ya kuonekana maelfu na miaka ya kutoonekana hata mmoja. Mwakani mkimkosa kwenye mwembe, msiseme amekwisha.

Ingawa kwisha kunawezekana. Jamaika ilikuwa na Urania sloanus wake, mweusi na kijani na mwekundu, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 hakuna aliyemwona kwa uhakika. Mdudu mwenye mmea mmoja, kisiwani, misitu ikifyekwa kwa mashamba: hesabu yake si ngumu.

Kwa upande wetu, mmea wake ni Omphalea mansfeldiana, unaoota Tanzania na Kenya. Croesus anajulikana misitu ya pwani na ya vilima vya karibu na pwani, Tanzania na Unguja yake, Kenya, na kusini hadi Msumbiji. Muheza imekaa miguuni mwa Usambara Mashariki, kwa hiyo hamjaona miujiza, mmeona jirani. Ukienda bara kavu, Dodoma au Tabora, usimtarajie.

Watoto wakiuliza rangi inatoka wapi, wape kazi ya mikono. Weusi wa bawa ni rangi ya kweli, kama wino. Kijani, dhahabu, wekundu: hivyo havina wino hata chembe. Ni kama matone ya dizeli juu ya dimbwi la gereji. Kila kigamba kimejengwa kwa tabaka nyembamba sana zilizoachiana nafasi za hewa, na mwanga ukigonga tabaka hizo hurudi baadhi ya rangi zake zikiwa zimeimarishwa na nyingine zimefutika. Vigamba vya Chrysiridia vimepinda sana, karibu kufanya kona ya mraba, hivyo mwanga unaruka pia kutoka kigamba hiki kwenda cha jirani na kurudi na rangi tofauti. Wajapani Shinya Yoshioka na Shuichi Kinoshita walilionyesha hilo mwaka 2007. Mkipata aliyekwisha kufa, dondosheeni bawa tone la spiriti ya hospitali. Spiriti itajaza nafasi za hewa, rangi itabadilika mbele ya macho yao, na ikikauka itarudi. Weusi hautabadilika kitu.

Kisha nendeni mkautafute mmea, kwenye kipande cha msitu kilicho karibu, pembeni ya kijito au kwenye bonde ambalo halijalimwa. Dalili ya kuanzia ni jani: mahali kikonyo kinapokutana na jani pana tezi mbili ndogo zilizokaa bega kwa bega kama macho ya mjusi, na hutoa majimaji matamu, kwa hiyo huenda mkakuta sisimizi wamejipanga. Mimea mingine ya familia hiyo ina tezi pia, basi msishangilie mapema. Geuzeni jani mtazame chini, maana mayai hutagwa huko. Viwavi wa rhipheus ni weupe wa kuelekea manjano wenye madoa meusi, na nywele nyeusi zilizovimba nchani. Mkiona wa namna hiyo kwenye jani la namna hiyo, mmefika. Mmea msiung'oe, na utomvu wake msiuguse.

Na ile picha ya ubavuni usiiache kwenye simu. Iweke kwenye hiyohiyo programu kwa jina la Chrysiridia croesus, uandike Muheza, uandike tarehe, uandike na kwamba alikuwa kwenye maua ya mwembe, maana mtu wa baadaye asije akasoma "Tanga" akadhani ulimpata bandarini.